Uzi wa Garratt: Namleta "Mount Rungwe" nyumbani Uyole, nishaurini kabla sijakata bati

#1 Tupa na Msumeno (Uyole, Mbeya)

Wakuu habari za jioni. Wazee wote shikamooni.

Reli ya Afrika Mashariki, ile EAR ya zamani, iliagiza Manchester vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59. Vikajengwa na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa kwetu huku. Mount Kenya, Mount Meru, Mount Hanang, Mount Kilimanjaro. Nikawa nashuka na orodha taratibu, nakunywa chai, mara namba 5916: Mount Rungwe. Chai ikapoa hapo hapo. Nikashuka tena kidogo, Mount Mbeya. Mimi niliyezaliwa chini ya mlima huo, na baba yangu kazi yake ilikuwa kukata tiketi stesheni, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mlima wetu uliwahi kuvuta mabehewa.

Kinachouma ni kwamba haukuwahi kufika huku. Kazi ya 59 ilikuwa Mombasa na Nairobi, reli ya upana wa mita moja. Hapa kwetu reli iliyopita ni Tazara, upana milimita 1,067, na ilikabidhiwa mwaka 1976. Hata wangetaka kumleta Rungwe nyumbani asingeingia kwenye reli. Ni kama mtoto aliyepewa jina la babu aliyefia ugenini.

Basi nimeamua kumleta mwenyewe, mdogo, juu ya meza.

Nilichonacho: chesesi mbili za Hornby, wale watengenezaji wa treni za mfano, za kichwa aina ya 8F, mitumba kutoka Uingereza, reli za upana wa milimita 16.5, bomba la PVC, madebe matupu ya mafuta ya kula, tupa nne na msumeno wa chuma. Kila chesesi ina magurudumu manane ya kuvuta treni, na Garratt inataka seti mbili za manane, kwa hiyo hapo nimepatia. Gurudumu la 8F hizi ni kama milimita 18.8. La 59 halisi lilikuwa milimita 1,372, ukiligawa kwa 76 unapata 18. Karibu kabisa. Nimepanga mwili wote uwe 1:76, yaani mdogo mara 76 kuliko halisi, urefu utakuwa sentimita 42 hivi.

Kabla sijaanza kukata, kuna mwenye neno?

#2 Ndizi Mbivu (Tukuyu)

Neno ninalo. Shemeji anajua kwamba madebe ya mafuta unayomaliza haraka haraka siyo kwa ajili ya maandazi?

Nimekaa siti ya dirishani. Treni ikiondoka mniamshe.

#3 Waya Mwekundu (Iringa)

Mkuu sisi wengine wa umeme, vyuma vikubwa hatuvijui. Garratt ni kampuni au ni nini? Na kwa nini seti mbili?

#4 Tupa na Msumeno

Garratt ni jina la mtu, Herbert William Garratt, injinia Mwingereza aliyepata hataza mwaka 1907. Injini ya kawaida inabeba boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi unakuza boila, ukikuza boila unaongeza magurudumu, ukiongeza magurudumu injini inakuwa ndefu na ngumu, kona za milimani haikati. Garratt akatenganisha. Boila linaning'inia katikati kama machela, mbele kuna chesesi yenye silinda na tangi la maji, nyuma kuna chesesi nyingine yenye silinda na tangi la mafuta na maji. Kila chesesi inageuka peke yake, kwa hiyo kwenye kona mnyama mzima anajikunja. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kulinenepesha unavyotaka.

Mpangilio wa magurudumu ya 59 ni 4-8-2+2-8-4. Hesabu magurudumu yote, 28. Zilichoma mafuta mazito, siyo makaa. Tani 252 ikiwa imejaa, na kwenye mpando wa asilimia 1.5 ilivuta tani 1,200.

@Ndizi Mbivu shemeji anajua. Tumekubaliana reli zisivuke mlango wa sebule.

#5 Mama Reli (Iringa)

Kamwene wote. Jamani kumbe tupo! Mimi si mtengenezaji, mimi ni mkusanyaji, ninavyo vichwa 11 kabatini, vyote vya mvuke, na mume wangu alishaacha kuuliza.

Kaka Tupa, nikusaidie wewe na wengine watakaonunua mitumba ya namna hiyo. Zile 8F za Hornby za zamani mota haikuwa kwenye injini, ilikuwa ndani ya tenda, lile behewa dogo la makaa linalofuata nyuma. Ukinunua chesesi bila tenda umenunua magurudumu yanayosukumwa tu. Mwombe muuzaji picha ya chini, siyo ya ubavuni. Ubavuni kila mtu ni mrembo. Chini ndiko utaona gia iliyopasuka, nywele za zulia zilizojisokota kwenye ekseli, na kutu.

La pili, ushuru. Kwenye orodha ya forodha vitu hivi viko kifungu 9503, pamoja na vichezeo, na kifungu chenyewe kinataja mifano iliyopunguzwa ukubwa, iwe inatembea au haitembei. Mzigo wangu wa kwanza uliandikwa "sehemu za injini" na aliyeutuma, alidhani ananisaidia. Nilikaa kaunta siku nzima naulizwa injini ya gari gani. Siku hizi namwambia muuzaji aandike mfano wa treni, na risiti iwe ndani na nje. VAT ya asilimia 18 utalipa, usihangaike kuikwepa.

Usitupe maboksi. Boksi la zamani lenye povu lake linaweza kuuzwa bei ya kichwa kibovu.

#6 Tupa na Msumeno

Dada Mama Reli asante sana. Nimekimbia kuangalia. Moja ina mota ndani. Ya pili, kama ulivyosema, mota iko kwenye tenda, na tenda muuzaji aliitupia bure nikadhani ni ukarimu. Kumbe ndiyo ilikuwa roho yenyewe.

#7 Kamwene Makambako

Marahaba vijana.

Mimi ni mstaafu wa reli, Tazara miaka mingi. Niseme kwanza jambo moja maana naona vijana wengi wanalikosea: sisi Tazara hatukuwahi kuwasha moto. Tulianza na dizeli za Kichina toka siku ya kwanza. Kwa hiyo mvuke sikuujua kazini. Nilikuwa nimeujua utotoni, Ndola, baba alikuwa Copperbelt kama wazee wengi wa huku walivyokwenda. Miaka ya 1960 Garratt zilikuwa zinapita pale usiku. Hazikuwa hizi zako, zile za kule zilikuwa za reli ya 1,067, ila ni ukoo mmoja, Beyer Peacock hao hao. Sisi watoto tulikuwa tunalala tukiwa tumeelekeza vichwa upande wa reli ili tusikie vizuri. Silinda za mbele na za nyuma hazipigi pamoja. Zinaanza sawa, halafu zinaachana, halafu zinakutana tena, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Sasa mwanangu Tupa. Hesabu yako ya magurudumu ni nzuri, lakini umekosea mahali ambapo hutapasahihisha kwa rangi. Reli ya 16.5 ukiizidisha kwa 76 unapata 1,254. Rungwe wako utakuwa umemtandikia reli ya mita moja na robo. Mbele ya macho ya mtu aliyeiona Garratt, hicho siyo kitu kidogo, ndicho kitu chenyewe. Boila la 59 lina kipenyo cha futi saba na nusu, ni mita 2.29, na limekaa juu ya reli ya mita moja. Mtu mzima akisimama mbele yake anaona gunia la viazi vya Uporoto limefungwa juu ya baiskeli, na baiskeli inapanda mlima. Ukipanua reli umeua mshangao. Inabaki injini kubwa juu ya reli kubwa, Wazungu wanazo nyingi.

Fanya 1:60.

#8 Ndizi Mbivu

Gunia juu ya baiskeli 😂😂 Mzee amemaliza. Uzi ufungwe.

#9 Tupa na Msumeno

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na nimehesabu: 16.5 mara 60 ni 990, karibu kabisa na mita. Lakini mzee, nikienda 1:60 gurudumu linatakiwa kuwa 22.9 na ninalo la 18.8. Litaonekana la kitoto. Halafu mimi namtazama ubavuni, puani simtazami. Ubavuni upana wa reli hauonekani.

#10 Kamwene Makambako

Utamtazama puani. Kila mtu anayependa treni huishia kuinama mbele yake.

#11 Mama Reli

Mzee ana haki, ila tusimtishe kaka. Hesabu hizi za upana zinatusumbua wote Afrika kwa sababu karibu kila kinachouzwa kimetengenezwa kwa reli ya 1,435. Chukua 16.5 zidisha kwa 87, ile skeli ya HO, unapata 1,435 na nusu. Maana yake kati ya reli zote tulizonazo nchini ni SGR peke yake itakayokaa sawasawa kwenye HO. Wenye reli za 1,067 kama New Zealand walihamia 1:64 wakaendelea kutumia reli hizo hizo za 16.5. Ukitaka Tazara, ni hiyo. Na ukitaka mita moja isiyo na ubishi, ziko treni za bustanini za 1:22.5 zinazotembea kwenye reli ya milimita 45. LGB ya Ujerumani waliianzisha mwaka 1968. Arobaini na tano mara 22.5, piga mwenyewe. Ila 59 kwa skeli hiyo ni mita 1.4, na boila lake ni bomba la choo la inchi nne.

#12 Ndizi Mbivu

Kwa hiyo kuna mtu duniani ameshika bomba la choo na kusema "huyu ndiye Mlima Rungwe". Nyumbani kwetu wazee wakisikia watadai faini ya ng'ombe.

#13 Baridi ya Makete

Naomba kuuliza, samahani kama ni swali la kijinga. Kwa nini msitumie mvuke wa kweli? Makaa ya Kiwira yapo hapo chini tu. Unapata kopo la maziwa, unaziba, unawasha moto chini, bomba dogo linaenda kwenye pistoni. Sisi tukiwa wadogo tulifanya na ikazunguka.

#14 Tupa na Msumeno

Ndugu yangu swali siyo la kijinga, ila hilo kopo naomba usilirudie, nakuomba kama kaka.

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka mara 1,600 hivi. Kopo lililofungwa halina mlango wa kutokea, na lehemu ya risasi ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 183 na kuendelea. Maji yakiwepo ndani unaweza kupona, maana maji yanapoza bati. Yakikauka upande mmoja tu, joto linapanda, kiungo kinaachia. Wanaofanya mvuke wa kweli wanatumia shaba nyekundu, wanalehemu kwa fedha, wanaweka vali ya usalama, na kabla ya moto wowote wanalijaza boila maji baridi na kulisukuma kwa pampu mpaka mara mbili ya kanieneo ya kazi. Wakijaribu kwa maji, likipasuka linatoa machozi tu. Likipasuka na mvuke linatoa macho.

Na Kiwira hapana. Sanduku la moto la mfano mdogo ni kama kiberiti, makaa ya mawe yanahitaji kina na hewa ya kuvutwa ndiyo yashike. Treni ndogo za mvuke nyingi zinatumia spiriti au gesi. Makaa ni hasa kwa zile kubwa za kukaliwa na watu.

Mimi wa umeme. Volti 12, betri ya bodaboda, umeme ukikatika treni inaendelea.

#15 Baridi ya Makete

Nimeelewa kaka. Tulikuwa na bahati basi.

#16 Tupa na Msumeno

Wakuu, wiki tatu zimepita. Nirudi kwenu nikiri.

Nilikata mwili wa 1:76. Bomba la PVC nikalichubua mpaka milimita 30, matangi ya bati nikakunja, nikaweka juu ya chesesi, nikapiga picha ya ubavuni, safi. Halafu nikainama mbele.

Mzee Kamwene, ulikuwa sahihi. Ilikaa kama basi. Nimeiweka juu ya kabati, watoto wanaiita "ile ya zamani".

Nimeanza upya 1:60. Boila linatakiwa milimita 38, na bomba la PVC la milimita 40 lipo kila duka la mabomba. Nimelikereza kidogo kwa msasa mpaka likafika, kazi ya jioni mbili. Matangi ni bati la madebe ya mafuta. Hapa nitoe elimu kwa wanaotaka kufuata: bati la debe limepakwa stani, risasi inalipenda, inatambaa yenyewe. Nilijaribu kipande cha bati jipya la kuezekea, lile la alumini na zinki, risasi inakaa juu kama maji juu ya jani la myugwa. Mikanda ya boila nimekata kwenye kopo la soda.

Tatizo ni magurudumu. Niliwaza nivalishe pete ya chuma juu ya magurudumu ya 8F yafike 22.9. Nikapima. Ekseli za 8F ziko karibu mno, magurudumu yangegusana kabla hayajazunguka. Kwa hiyo chesesi nimeziacha, nimechukua mota na gia tu. Fremu nimechonga upya kwa shaba ya njano, vipande viwili vimelehemiwa pamoja kwanza, nikatoboa mashimo ya ekseli yote kwa mara moja, ndipo nikavitenganisha kwa joto. Usitoboe kila upande peke yake, hata ukiwa na macho ya tai. Shimo moja likipotea nusu milimita gurudumu moja linaning'inia hewani.

Magurudumu 16 amenikerezea fundi mmoja pale mtaa wa mafundi. Mwanzo alinitazama kama mtu aliyetoka kwa mganga. Nilipomwonyesha picha ya 5916 akaniuliza, "Hii Rungwe yetu hii?" Akapunguza bei bila kuombwa.

#17 Waya Mwekundu

Fundi wa shaba, fremu ya shaba, magurudumu ya chuma, ekseli ya chuma. Mkuu, umeziba wapi?

#18 Tupa na Msumeno

Kuziba nini?

#19 Waya Mwekundu

Usiwashe kabla hujanijibu.

#20 Tupa na Msumeno

Nimeshawasha.

#21 Ndizi Mbivu

😂😂😂 nimeamka

#22 Tupa na Msumeno

Imepiga shoti. Waya wa betri umetoa moshi mweupe, ndiyo mara ya kwanza Mount Rungwe kutoa moshi hapa Mbeya. Kipande cha plastiki cha swichi kimeyeyuka. Mtoto wangu wa pili akapiga makofi.

Naomba somo.

#23 Waya Mwekundu

Reli ya kushoto ni chanya, ya kulia ni hasi. Gurudumu la chuma, ekseli ya chuma, gurudumu la chuma: umeziunganisha reli mbili kwa daraja, tena mara nane. Umeme hauna sababu ya kuingia kwenye mota wakati kuna njia ya mkato.

Dawa: upande mmoja wa kila ekseli lazima kuwe na kitu kisichopitisha. Mpelekee fundi wako magurudumu nane ya upande wa kulia, atoboe katikati, aweke bushi ya nailoni, ndani ya bushi ndiyo ekseli iingie. Nailoni inauzwa kama fimbo, wanatumia kutengeneza bushi za mashine za kusaga. Upande wa kushoto uache hivyo hivyo, fremu nzima itakuwa upande wa kushoto. Kulia utaweka vijiti vyembamba vya shaba vinavyogusa mgongo wa gurudumu kuchukua umeme.

Halafu angalia fimbo za kuunganisha magurudumu upande wa kulia, zisiguse fremu. Na weka fyuzi kwenye betri! Betri ya bodaboda ikipata shoti haina huruma, siyo kama adapta ya simu inayojizima.

#24 Kamwene Makambako

Na ukirudisha magurudumu kwenye ekseli, kumbuka nyuzi 90. Mkono wa gurudumu, pale fimbo inaposhikia, wa kushoto na wa kulia haielekei upande mmoja. Kwenye injini ya kweli, pistoni ya upande mmoja ikifika mwisho na kukosa nguvu, ya upande wa pili iko katikati ya safari inasukuma. Ikiwa zote zinafika mwisho pamoja, injini inaweza kusimama pabaya isiondoke. Kwenye wako mota inasukuma, hilo halikusumbui, lakini ekseli nne zikitofautiana hata kidogo fimbo zitakaba.

#25 Tupa na Msumeno

Mzee hapo ndipo nilipoteseka siku nne. Nilikuwa napanga kwa macho. Inazunguka nusu, inakaba. Nalegeza, inazunguka, inakaba kwingine. Mwishowe nikatengeneza kibao: mbao ya mninga yenye mfuo wa ekseli na misumari miwili, mmoja kushoto umesimama, mmoja kulia umelala. Kila ekseli inakaa pale, pini za mikono zinaegemea misumari, gundi inakauka humo. Hata nyuzi 90 zenyewe siyo lazima ziwe 90 kamili, lazima zote nane ziwe zimekosea sawasawa.

#26 Mama Reli

Hiyo ya mwisho naiandika ukutani.

Kaka, rangi umefikia wapi? Na unafanya enzi ipi? Maana bomba la moshi linasema. Mwanzoni zilikuwa na bomba la kawaida la mviringo, baadaye zikafungwa mtambo wa kutolea moshi wa Giesl, yule injinia Mwaustria, na bomba likawa bapa, jembamba ukilitazama kwa mbele, refu kwa ubavuni. Wengi wanachanganya, wanaweka bapa halafu wanadai ni 1956.

#27 Tupa na Msumeno

Dada naweka bapa. Nimelipenda tu, linafanana na mdomo wa mtu aliyenuna.

Rangi maruni. Nilienda duka la kuchanganya rangi za magari na picha, wakanipatia kichupa na thinner yake. Nikapulizia Jumamosi, mvua ya mwezi wa tatu inanyesha. Baada ya nusu saa maruni yote ikapata ukungu mweupe, kama kioo cha daladala asubuhi. Ni unyevu, rangi inapoa haraka inapokauka inanasa maji ya hewani. Nikasubiri siku ya jua, nikapuliza tabaka jepesi la thinner tupu, ukungu ukayeyuka. Wa Tukuyu mkipaka rangi, pakeni jikoni karibu na joto, ila zimeni moto kwanza.

Vibao vya jina na namba amenikatia fundi wa mihuri mjini, shaba ya njano, herufi zimesimama. MOUNT RUNGWE kimoja kila upande. Nilimwambia asinikatie cha akiba. Amekata vitatu, kimoja kaweka mezani kwake.

#28 Ndizi Mbivu

Sisi wa Tukuyu kupaka rangi jua likiwaka inabidi tuombe ruhusa kwa mvua mwaka mmoja kabla.

Sasa seriously wakuu, nataka kuja kuona. Nikileta ndizi nitaruhusiwa kushika?

#29 Baridi ya Makete

Na mimi. Nitaleta maua ya Kitulo ya kuweka pembeni ya reli 😀

#30 Tupa na Msumeno

Wote karibuni. Kushika ruksa, ila mikono ikaushwe, jasho linaacha alama kwenye shaba.

Reli nimeitandika kwenye plywood la futi 8 kwa 4, kona za nusu kipenyo milimita 438. Nilikuwa na wasiwasi, mnyama ana sentimita 53, kona hizo ni za vichwa vifupi. Hapo ndipo nikamwelewa bwana Garratt. Chesesi za mbele na nyuma zinafuata kona, boila linakata njia ya mkato katikati, linachungulia ndani ya kona kama sentimita mbili. Nguzo ya stesheni niliyoiweka karibu imekwanguliwa, nimeisogeza.

Ilikuwa inateleza, magurudumu yanazunguka treni haiendi. Nikaenda kwa fundi wa matairi, nikanunua vile vyuma vya kusawazishia, nikajaza ndani ya matangi mbele na nyuma sawasawa. Sasa inavuta mabehewa tisa. Kuna vumbi la Uyole, kila jioni lazima nipanguse reli kwa kitambaa chenye spiriti la sivyo inakohoa.

#31 Mama Reli

Kwa wanaokwenda Nairobi, makumbusho ya reli pale wanayo 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Ukisimama chini ya lile boila ndipo utajua mzee Kamwene hakutia chumvi. Pia kuna 3020, siyo Garratt, inaitwa Nyaturu. Wasingida wana kabila zima kwenye injini, sisi tuna mlima tu.

#32 Kamwene Makambako

Mlima unatosha.

#33 Tupa na Msumeno

Wakuu, jana Jumapili. Mzee Kamwene alifika mwenyewe kutoka Makambako, na basi la asubuhi, koti na kofia. Ndizi Mbivu alifika na mkungu mzima. Baridi ya Makete alikwama, gari liliharibika njiani, pole mkuu.

Nikawasha. Ikazunguka mara mbili, mara ya tatu ikasimama kwenye kiungo cha reli, nikaisukuma kwa kidole, ikaendelea. Mama watoto akasema, "Kumbe inatembea," maana alikuwa anaona vipande tu miezi yote hii.

Mzee hakukaa kwenye kiti tulichomwandalia. Alishika magoti, akainama mwisho wa meza, pua sawa na reli, akaisubiri ije. Ikaja moja kwa moja usoni mwake, maruni, bomba lake limenuna. Akakaa hivyo mizunguko mitano au sita, sisi wote kimya, Ndizi Mbivu ameacha kutafuna.

Akauliza, "Silinda za mbele na za nyuma, umeziwasha pamoja?"

Nikamwambia hapana mzee, kila chesesi ina mota yake, hazifungamani.

"Ndiyo maana," akasema. "Zinaachana halafu zinakutana."

Picha nitatupia leo usiku, mtandao wa huku unasumbua.

#34 Ndizi Mbivu

Nathibitisha yote. Na ile ya 1:76 juu ya kabati nimeiomba, nimepewa. Natafuta mtu mwenye reli za mitumba, bei ya kirafiki. Nipo serious safari hii.